Tairi Mbili za Nyuma

Karibuni mkae, ndugu zangu. Naona makoti hamjavua, na siwalaumu. Mashine ya kupasha joto ya wenyeji wetu, hawa wanaotuazima kanisa lao, leo inaunguruma tu, joto lenyewe halitoki. Tungesogeleana kidogo ingesaidia, lakini viti vya mbele huku vitupu kama kawaida yetu. Haya, kaeni mlipo. Nitapaza sauti.

Kulikuwa na mtu mmoja, dereva, aliyetoka Makete akaja kuishi katika mji wa baridi kama huu wetu. Jina msiniulize. Kule kwao alikuwa anaendesha pikapu ya viazi, na waliopita kule wanajua masika yanavyoifanya ile barabara. Udongo unateleza kama sabuni. Dereva wa kule akiona mlima umelowa, anashuka, anafunga minyororo kwenye tairi za nyuma, anapanda zake. Za nyuma tu. Za mbele nani anahangaika nazo? Gari linasukumwa na za nyuma, mlima unapandwa kwa za nyuma. Mzee Mbwilo anacheka pale, kwa hiyo sijadanganya.

Alipofika huku alipanda basi miaka kadhaa, kisha mwaka mmoja akatafuta gari. Watu wakamwambia achukue dogo, linalovutwa na tairi za mbele, kama la kila mtu. Hakutaka. Akapata moja jeusi, refu, la zamani kidogo, linalosukumwa kutoka nyuma kama pikapu yake. Akalipenda. Akitoka kazini alikuwa anakaa ndani yake pale kwenye maegesho, hapandi chumbani kwake mpaka vioo vimeanza kuganda. Mnajua kwa nini? Ndani ya gari kulikuwa na redio. Kulikuwa na mtu anaongea. Chumbani hakukuwa na mtu.

Alikuwa mpweke. Acha nilitamke hilo neno, maana humu ndani hatupendi kulitamka. Tunasema tumechoka, tunasema kazi nyingi, tunasema baridi. Yule bwana alikuwa mpweke mpaka anamsalimia mwenye sauti ya redio.

Na mkewe, aliyebaki Makete, alimpigia kila siku. Mke anauliza, "Habari za huko, baba?"

"Nzuri, mama. Nina ndugu tele hapa kanisani. Wala usiwe na wasiwasi."

Kanisani alikwenda kweli. Kiti chake kilikuwa kile cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Ibada ikiisha, watu wanasalimiana kama tunavyosalimiana sisi. Habari za wiki? Nzuri. Kazini? Salama. Nyumbani? Salama tu. Mama hajambo? Hajambo, anawasalimia. Mnaijua hiyo, tumelelewa nayo, na ni adabu nzuri. Lakini angalieni: mtu anaulizwa maswali hayo yote, anayajibu yote, na wewe unaondoka hujajua hata kitu kimoja. Naye anaondoka akijua kwamba hujajua.

Basi mwaka ule karatasi za mkewe zikakubaliwa. Baada ya miaka ya kusubiri, mke anakuja! Yule bwana akapiga magoti kando ya kitanda akalia. Akaanza kuosha mapazia. Akamwambia mkewe, kwa furaha ile, "Niletee majani ya chai ya nyumbani, pakiti nyingi, niwagawie ndugu zangu hapa." Akayasema hayo, simu ikakatika, akabaki anaiangalia. Ndugu gani?

Theluji ikaanza kuanguka. Akalipeleka gari kwa fundi wa tairi. Fundi, mwenyeji wa huku, akamweleza kwamba tairi za kiangazi zikipata baridi mpira wake unakuwa mgumu kama ukwato, haushiki kitu. Za baridi mpira wake ni laini, una mikato midogo midogo inayouma barafu.

"Nikufungie nne?"

"Mbili. Nyuma."

"Na mbele?"

"Gari hili linasukumwa na nyuma."

"Kusukumwa, sawa. Kona utakata kwa tairi zipi? Breki ukikanyaga, mbele zitashika nini?"

Yule bwana akacheka. "Rafiki yangu, mimi nimeendesha kwenye matope ambayo wewe hujawahi kuyaona hata kwenye picha."

Na ilikuwa kweli. Msidhani ni ubahili, nne angeweza kuzinunua. Alijua kile anachokijua, basi. Fundi akafunga mbili.

Jumapili iliyofuata akaja kanisani na gari lake. Ndugu wawili wakalipita pale nje. Mmoja akainama, akaangalia. "Eh, huyu bwana za mbele mbona vipara? Na barafu hii?"

Mwenzake akamshika mkono. "Achana naye. Mtu mzima anajua gari lake. Utamwaibisha bure."

Wakaingia ndani. Walipomfikia pale mlangoni mwa kanisa wakamwambia, "Bwana asifiwe. Habari za safari?"

"Nzuri."

Siku ya siku ikafika. Ndege inatua mchana. Yule bwana alikuwa amenyoa, amevaa shati ambalo mkewe alimnunulia zamani, na kwenye kiti cha pembeni kuna koti jipya la kike, zito, la rangi ya zambarau. Alitaka mambo mawili tu siku hiyo. Uso wa kwanza mkewe atakaouona uwe wake, na baridi isimguse mkewe kabla ya lile koti. Akaondoka. Kwenye kilima cha kwanza magari madogo yamekwama, tairi zinazunguka tu. Yeye akapanda! Gari limeshika, linasukuma, linapita. Akapiga honi. Akasema peke yake, "Mnaona? Makete hiyo!"

Lakini kilima kina kupanda na kina kushuka. Na kule kwenye kushuka kulikuwa na kona.

Akakata usukani kulia. Tairi za mbele zikageuka kulia, kama zilivyoambiwa. Gari halikugeuka. Akakanyaga breki. Gari likaendelea mbele, polepole, bila haraka, kama mtu aliyeitwa akajifanya hakusikia. Likaingia mtaroni, likalala upande, redio bado inaongea.

Hakuumia. Alitoka akaingia kwenye theluji mpaka magotini, akaliangalia gari, akarudi ndani. Akatoa simu. Sasa ndugu zangu, nisikilizeni hapa. Mtu yuko mtaroni, mke wake yuko angani anakuja, simu iko mkononi na ina chaji. Alimpigia nani? Alimpigia kaka yake, Makete.

"Kaka, nimeanguka mtaroni."

"Yesu! Umeumia?"

"Sijaumia. Shemeji yako anatua sasa hivi. Gari halitoki."

"Pole sana, mdogo wangu. Pole mno. Sasa mimi huku nifanyeje? Si uwapigie wale ndugu zako wa kanisani?"

Yule bwana akaiondoa simu sikioni, akayapitia majina yaliyomo.

"Upo? Nasema wapigie wale ndugu zako."

"Nipo, kaka. Sina namba zao."

"Hata mmoja?"

Hata mmoja. Simu imejaa majina kuanzia juu mpaka chini, na yote yako ng'ambo ya bahari. Ya kule alikotoka anayo. Ya pale alipo hana. Kaka yake akaanza kumwombea kwenye simu, akamwombea vizuri sana, na yule bwana akaitikia amina huku dirisha linaganda.

Tumwache pale. Twendeni uwanja wa ndege.

Mke ametoka na mabegi yake. Amevaa viatu vya wazi na sweta jepesi la kijijini. Anaangalia nyuso. Watu wanakumbatiwa, wanaondoka. Wengine wanakuja, wanakumbatiwa, wanaondoka. Simu yake imezimika na haiwaki, na namba ya mumewe imo humo humo, hajaikariri. Mlango ule unaojifungua wenyewe kila ukifunguka unaingiza baridi ambayo hakuwahi kuambiwa habari zake. Akaanza kuogopa. Akafikiri, amenikataa. Amebadilika, ana mwingine, ameniona kwa mbali akageuza gari. Mwanamke akiachwa asimame peke yake nchi ya watu, ana mengi ya kufikiri.

Ndipo akapita mama mmoja anasukuma toroli la usafi, amefunga kitenge kichwani. Yule mke akaona kitenge, hakungoja.

"Shikamoo, mama!"

Toroli likasimama. "Marahaba, mwanangu! Umetokea wapi wewe?"

Alikuwa mama wa Kigoma. Yule mke akamshika mikono miwili, machozi yakamtoka, akamweleza. Mama akauliza, "Mumeo anaitwa nani?" Akatajiwa. Akafikiri. "Hapana, mwanangu. Simjui."

Mke akatoa picha.

"Aa, huyu! Huyu tunasali naye! Anakaa nyuma pale, karibu na mlango. Siku nyingi sana. Mtu mpole huyo."

"Asante Mungu! Basi mpigie, mama."

Yule mama akaiangalia picha tena. "Namba yake sina."

"Nani anayo?"

"Sidhani kama kuna mwenye nayo."

"Nyumbani kwake ni wapi?"

Mama akatikisa kichwa. Yule mke akamwangalia, si kwa hasira, kwa kutoelewa tu. Akafungua zipu ya begi. Lilikuwa limejaa pakiti za majani ya chai, zimepangwa vizuri, kila moja imefungwa na utepe. "Mama, aliniambia ana ndugu tele kanisani. Haya yote ni yenu. Nimeacha nguo zangu nyumbani ili haya yaingie."

Mama wa Kigoma akavua koti lake, akamvika. Akakaa naye pale kwenye benchi, toroli liko pembeni, msimamizi anamkodolea macho, hajali.

Jioni ikaanza kuingia ndipo yule bwana akatokea. Mwenye katapila la kuzoa theluji alimwona mtaroni, akamvuta, akampa na lifti. Akaja anakimbia, suruali imelowa na kuganda, kiwiko cha shati kimechanika, koti la zambarau mkononi. Akamkuta mkewe amevaa koti la mtu mwingine, na uso wa kwanza mkewe aliouona nchi hii haukuwa wake.

Akasimama. Yule mama, kwa kuwa ni mama na ana adabu, akamsalimia kwanza. "Habari za saa hizi, baba?"

Na mnajua alijibu nini?

"Nzuri."

Nzuri! Ametoka mtaroni, amelowa, amechanika, ameaibika mbele ya mke aliyemsubiri miaka. Nzuri. Na yule mama, mdomo wake nao umezoea, akasema, "Tunamshukuru Mungu," akanyoosha mkono kushika toroli lake aende.

Mke ndiye aliyemshika nguo. Hakuwa na hata siku moja katika nchi hii, na ndiye aliyeona. "Mama, usiondoke," akasema. "Si nzuri. Mwangalie, si nzuri hata kidogo."

Yule bwana aliposikia hivyo akakaa chini, pale pale sakafuni palipopigwa deki, akalia kwa sauti. Na ndiyo siku mtu wa kanisa lile alipomjua kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, tairi za nyuma ni kule tulikotoka. Zinatusukuma na hazijatupungukia. Kila siku tunapiga simu kule, tunaombewa kule, na kwa ajili ya kule tunaamka gizani kwenda kazini. Mimi siwaambii mzifungue, nani atapanda mlima bila hizo? Lakini maisha ya huku yana kona. Kuna siku utaumwa, kuna siku utafukuzwa kazi, kuna siku mtoto atakushinda nguvu. Siku hiyo ya kona kaka yako wa Makete atakuombea kwa moyo wote, na gari litaendelea kwenda mtaroni. Wa kukugeuza ni aliye hapa mbele yako. Huyu unayemjibu salama.

Na wewe uliyeona vipara ukasema mtu mzima anajua gari lake, ulimsitiri au ulimwacha? Kuna aibu kubwa kuliko kumwacha mke asimame mlangoni na begi la chai asijue ampe nani?

Ehe, nawaona. Wengi mmegeuka kuangalia kile kiti cha nyuma karibu na mlango. Niliwaambia jina msiniulize, huu ni mfano tu. Sasa mbona mmegeuka? Na mbona wote mmejua kwamba pale kuna mtu?

Ndugu uliyekaa pale, usiondoke upesi leo. Na ninyi wengine, tukishasali msikimbilie magari. Mwendeeni. Msalimieni kama tulivyolelewa, habari za wiki, za kazi, za nyumbani, yote mmalizie. Atawajibu nzuri. Basi akishajibu nzuri, vuta kiti ukae.