Mtulya Mshika Ukingo na Rupia Nyeusi ya Kapalata

Tegeni masikio, enyi wakusanya sarafu wa nchi hii, mlioketi hapa mbele na mliosimama nyuma kwa kuchelewa, niwasimulie habari za yule aliyewakusanya wakusanyaji. Zama zile rupia zilipokwisha kukataliwa sokoni na wazee wangali wakizikumbuka, alizaliwa Unyanyembe Mtulya mwana wa Nyanzala, mjukuu wa Kapalata mpagazi, yule aliyebeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, akarudi na rupia moja tu, akaapa kwamba hiyo haitanunua chumvi wala kaniki. Rupia ile ilirithiwa, ikakaa miaka na miaka, ikawa nyeusi tii, na Mtulya akaipenda kama mboni ya jicho lake.

Huyo ndiye Mtulya Mshika Ukingo, aliyeishika sarafu pembeni tu, kidole chake kisiiguse usoni. Mtulya wa Masikio Makali, aliyeidondosha juu ya jiwe akakutajia zama zake kwa mlio. Siku moja aliwakuta wafua shaba wakitia hela za Kijerumani motoni wazigeuze bangili, akatumbukiza mkono kwenye makaa, akazitoa, na vidole vyake viwili havikunyooka tena. Watu wakasema ana wazimu. Naam, alikuwa nao, na laiti sisi tungekuwa nao nusu yake!

Akaona kwamba peke yake hataziwahi zote. Basi akapanda baiskeli, akazunguka nchi hii kwa jua na kwa mvua, akiwabembeleza watu waliofukia sarafu zao uvunguni na kuogopana kama wezi. Msinitazame hivyo, wakusanyaji tuna wivu, na mnajijua. Aliwaomba waje Tabora, kila mmoja na sarafu zake bora, waunde chama kimoja cha taifa zima kabla urithi haujaishia motoni.

Wakaja. Wakafikia kwa Bi Mwajange binti Sizya, mjane mkarimu, mkusanyaji mgeni katika kazi hiyo, ambaye nyumba yake ilikuwa na kufuli madhubuti. Walimkabidhi sarafu zao, wakaenda kupumzisha miili. Bi Mwajange akazitazama: nyeusi, za kijani, zimefubaa. Katika nyumba ile mgeni hakuwahi kumiminiwa kahawa kwa dele lisilosuguliwa, na alasiri wakubwa wa serikali walikuwa wanakuja kushuhudia. Akawaza, watamcheka Mtulya kwa uchafu huu. Akakamua ndimu, akachota majivu, akasugua huku akiimba mpaka kifundo cha mkono kikamuuma, kisha akazipanga zote juu ya kitambaa cheupe, zinametameta, na moyo wake umejaa furaha.

Jamani! Ule weusi ndio umri wa sarafu. Ukishautoa haurudi, na mkusanyaji yeyote atakwambia kuwa iliyosuguliwa imeuawa. Wageni waliingia ukumbini, kila mmoja akaitafuta yake. Mzee Shekimweri wa Tanga, mwenye ulimi wa pilipili, aliinua yake juu.

“Umenimaliza, mwanamke! Hii aliiacha baba yangu. Sikai chama kimoja na huyu. Atoke yeye, au tunatoka sisi.”

Wa Lindi na wa Bukoba wakaanza kufunga vitambaa vyao. Bi Mwajange alisimama na majivu mikononi, akitamani ardhi ipasuke immeze, maana alielewa kwamba asubuhi moja amevunja kile ambacho Mtulya alikijenga kwa miguu yake.

Mtulya hakumkemea. Alitoa kifuani rupia ya Kapalata, ambayo mzungu mmoja alikuwa tayari kuilipia nyumba ya bati akakataliwa, akaiweka kiganjani, akachukua kipande cha ndimu kilichobaki. “Usifanye, kaka!” akalia Bi Mwajange. Mtulya akaisugua mbele yao, upande huu na upande ule, mpaka weusi wote ukamchuruzika kwenye vidole vyake vibovu. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Akatamka: “Sasa nami nimeua ya kwangu. Mkimtoa dada yangu, nitoeni na mimi. Chama kisichoweza kumbeba aliyekosea kwa mapenzi, hakitabeba hata senti yenye tundu.”

Hakuna aliyetoka. Shekimweri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi, akilia kwa sauti, na wakubwa wa serikali walipofika walikuta chama kimekwisha kuzaliwa. Kikakua, kikaota matawi Mbeya, Mwanza, hata Pemba. Na popote mwanachama alipoharibu sarafu au kuuziwa ya bandia, aliileta mezani bila kuificha, na wenzake walisogea wampishe nafasi.

Mtulya Mshika Ukingo alifariki uzeeni, katika msimu wa mavuno, akazikwa Unyanyembe na watu wa mikoa yote. Matanga yalipokwisha, ikabidi apatikane wa kushika funguo za hazina yote ya chama. Shekimweri, sasa mkongwe wa kushikwa mkono, alisimama akamwelekea Bi Mwajange, akampa funguo.

“Mimi?” akauliza Bi Mwajange, akirudi nyuma. “Mzee Shekimweri, mimi tena?”

“Nani mwingine?” akasema mzee. “Humu ndani wewe peke yako ndiwe tuliye na hakika kwamba hutazisugua sarafu.”

Wakacheka, wakalia, naye akazipokea. Hivyo ndivyo tulivyopata kuwa watu wamoja, na aliyesikia amwambie aliyechelewa.