Kero, Mtoto wa Mpakani

Mbingu mnayoiona imetulia hivi haikuwa hivi. Kulikuwa na wakati ambapo vijiwe vyote vya angani, watoto wa ukoo wa Jua, vilizurura ovyo, na kila mtoto alipewa jina na shangazi. Shangazi huyo ndiye Zuhura, dada yake Jua, yule anayeng'aa magharibi jioni. Desturi yenyewe haikuwa ngumu. Alipika uji wa jina, akasimama kizingitini kwa kaka yake, akaita jina la mmoja wa wahenga. Mtoto akiitika, jina limemkaa, anakuja kunywa uji, basi. Asipoitika, huitwa jingine. Na jina likishaitikiwa halibadilishwi, hata wazee wote wangelia.

Watoto wengi waliitika upesi, maana uji walikuwa wanauona. Akabaki kibinti mmoja. Mdogo, mweusi kama masizi, na mzururaji wa kupindukia. Wenzake wakicheza karibu na Mirihi, yeye yuko nje kabisa, mpakani kwa Mshtarii. Na Mshtarii, jamani, alikuwa jirani mzito mwenye tamaa. Alichokikuta hakina jina alikiona si cha mtu, akakivuta kwake, na kilichovutwa hakikuonekana tena.

Zuhura alilijua hilo, ndiyo maana usingizi ulimpaa. Alipika uji, akaita jina la babu. Kimya. Akaita la bibi. Kimya. Alipoita la mkuu wa wahenga wote, kibinti alikuwa ameshazunguka upande wa pili, amewapa mgongo. Uji ukapoa, wenzake wakaunywa. Akapika mwingine, ukaganda. Jua akamshauri dada yake apunguze hasira, mtoto ni mtoto. Zuhura akamjibu kwamba mwenye ushauri aje ashike mwiko. Kaka mtu akaendelea kuwaka tu.

Mwishowe majina ya ukoo yakaisha. Zuhura alichungulia akamwona Mshtarii amekwisha kunyoosha mkono, na kale kabinti kanazunguka tu, hakana habari. Moyo ukamlipuka kwa hofu, na hofu ikatoka kwa sura ya hasira. Akautupa mwiko chini.

"Kero wewe! Umenichosha, umenikausha koo, na nikikukosa nitakulilia mpaka lini? Rudi nyumbani!"

Kutoka mbali kikaja kisauti cha mtoto aliyeshtuka. "Abee, shangazi."

Mbingu nzima ikashika mdomo. Zuhura alitaka kuyameza maneno yake, lakini wapi, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa uchovu akamuuliza mtoto kwa nini ameyaacha majina yote ya heshima akaitikia hilo la kukemewa. Kibinti akasema hayo mengine aliyasikia vizuri, ila alidhani wanaitwa wenyewe, wale wazee. Hili ndilo aliloona anaitwa yeye.

Mshtarii akaurudisha mkono wake taratibu.

"Mtu hakemei hivyo mtoto asiye wake," alisema. "Huyu ana kwao."

Tangu hapo wanaotazama mbingu kwa darubini hawakimbilii kukipa jina kijiwe kipya. Kwanza wanakipa namba tu, wanakingoja kizunguke, kiwapotee, kirudi, mpaka kiwachoshe na wakizoee. Jina linakuja baadaye, kikishakuwa chao.

Kero mwenyewe yuko kule kule mpakani, hasogei karibu wala haendi mbali zaidi. Jioni Zuhura akitoka humwita, uji wake ukiwa mkononi, na Kero huchelewa kuitika mpaka shangazi anaanza kunung'unika kwamba mtoto huyu atamuua.

Lakini huitika.