Injini ya Mzee Mbelwa

Hapo zamani, na sisemi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi tu, mkonge ulipokuwa ukiitwa dhahabu na redio ikibebwa na watu wawili, palikuwa na uwanja wa vyuma chakavu nje ya shamba la mkonge la Kwamhina, upande wa Korogwe. Watu waliuita Makaburini. Gari likifa linavutwa mpaka pale, linaachwa. Tofauti na makaburi yenu, marehemu wa pale walichukuliwa vipande vipande. Usukani wa Padri. Milango ya Daktari. Gia za Bwana Shamba. Kila chuma kilikuwa na jina la aliyekuwa akikiendesha, na ukikosea jina huuziwi.

Mwenye uwanja alikuwa mwanamke, Mwantumu binti Mbelwa. Msishangae, tulieni. Aliachiwa na baba yake, Mzee Mbelwa, dereva wa lori aliyekufa kitandani kwake kama muungwana. Mwantumu aliuza kila kitu pale isipokuwa injini ya lori la baba. Kwa nini? Mzee alipokuwa hai, akishuka mteremko wa kuja nyumbani, injini ile ilinguruma kwa namna yake, ina kikohozi kidogo katikati. Mwantumu akiisikia tu, anainjika maji ya ugali. Mzee akiingia uani, maji yanachemka. Sasa mzee hayupo, lori limekaa kwenye nyasi, na binti haiuzi injini hata umpe nini.

Mtu wa pili ni Hiza, fundi, mwenye maneno mengi na mikono mizuri kuliko maneno yake. Hiza alitaka kumshinda Bwana Stavro, Mgiriki mwenye shamba. Kila mwaka, Jumapili moja ya kiangazi, Bwana Stavro aliandaa mashindano ya magari kuzunguka shamba. Zawadi alitoa yeye, na mshindi alikuwa yeye. Mwaka ule zawadi ilikuwa injini mpya kabisa, imetoka ng'ambo kwa meli, ndani ya kasha la mbao. Bwana Stavro alikuwa ameshaitengea mahali gerejini kwake. Huko ndiko kujiamini, na mimi simlaumu, maana hata Hiza alikuwa hivyo hivyo.

Hiza akachukua gari bovu la Daktari, akalivua. Akatoa paa, akatoa boneti, akatoa mabawa ya juu ya matairi. "Gari jepesi ndilo linalokimbia," alisema. Likabaki chesisi na aibu yake. Ili apate sakafu na pua ya mbele, akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe, akabandua mabati.

Mkewe akasimama chini akamtazama. "Baba Shebe, masika yanakuja."

"Nitayarudisha kabla ya masika, mama."

"Na hilo gari lako lina injini?"

"Bado."

Mkewe akafunga mzigo akaenda kwa mama yake. Watu walipoliona lile gari wakaliita Uchi wa Mnyama, na jina likaganda.

Hiza akaenda Makaburini. "Dada Mwantumu, nimekuja."

"Najua kilichokuleta. Hapana."

"Sijasema kitu!"

"Mdomo wako haujasema. Macho yako yako kwenye lori la baba."

"Dada, injini isiyowashwa inaota kutu. Kutu ikifika ndani, hata mimi sitaiweza. Sasa niambie, hiyo unaitunza au unaizika?"

Neno lilimwingia Mwantumu. Kisha akasema: "Niahidi mambo mawili. Kila jua likielekea kuzama, uiwashe, niisikie. Na siku ya mashindano, ikianza kutoa moshi, gari lisimame. Mimi nitakuwa kilimani, kwenye tangi la maji, nina kanga nyekundu. Nikiinua kanga, simameni, hata kama mnaongoza."

"Nimekubali," akasema Hiza.

Mtu wa tatu ni Kasubi, Mnyamwezi. Alikuja Kwamhina kukata mkonge, akapanda mpaka akawa dereva wa Bwana Stavro mwenyewe. Kona zote za shamba alizijua. Hiza akamwomba aendeshe, naye akakubali bila hata kukaa chini. Bwana Stavro akapata habari, akamwita.

"Kasubi, ukishindana na mimi, kazi huna."

"Nimesikia, Bwana."

"Na nyumba ya kambini unarudisha."

"Nimesikia, Bwana."

"Na bado utashindana?"

"Na bado."

Shikeni hapo, maana tutarudi. Mwantumu ametoa injini. Hiza ametoa bati. Kasubi ametoa kazi.

Jioni ya kwanza Hiza aliiwasha ile injini. Ikakohoa, ikanguruma. Mwantumu alishtukia ameshainjika maji. Akalia, tena akalia kweli kweli, lakini maji yakachemka, naye akasonga ugali mkubwa kama wa zamani. Sasa nani ataula? Akawaita wale wawili. Tangu siku hiyo ikawa kila jioni injini inalia, maji yanachemka, watatu wanakula pamoja wakitaniana. Kasubi akimwambia Hiza, "Mtani, gari lako halina nguo," Hiza anajibu, "Wewe liendeshe tu, usilitazame."

Ila kulikuwa na jambo moja. Rejeta ya Uchi wa Mnyama ilitoka kwenye trekta la mkonge, nayo ilikuwa ikivuja maji ya kupoza injini. Hiza akaiziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Hakumwambia mtu. Alijisemea, "Nikisema, dada atachukua injini yake."

Jumapili ikafika. Magari yakajipanga yaking'aa, na katikati yao Uchi wa Mnyama, dereva amekalia kreti. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bendera ikashuka, na waliocheka wote wakanyamaza, maana lile gari uchi lilitoka kwa nguvu za lori na uzito wa baiskeli. Mzunguko wa kwanza Kasubi alikuwa wa pili. Wa pili, alikuwa sako kwa bako na Bwana Stavro. Wa mwisho, akampita kwenye kona ya korona, kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, pale pale ambapo kila siku alimpitisha kwa adabu akienda ofisini.

Ndipo sabuni ikayeyuka. Ukatoka mvuke mweupe. Kisha ukaja moshi.

Kasubi aliuona moshi. Akajisemea, "Kilimani yuko dada na kanga yake. Ikiinuka nasimama." Akakanyaga mafuta.

Mwantumu aliuona moshi kabla gari halijaanza kupanda. Kanga ilikuwa mkononi. Lakini injini ikapanda kile kilima, na maisha yake yote hakuwahi kuisikia vile. Baba yake aliiendesha kwa upole, ana mzigo, ana umri. Siku ile ililia kwa sauti yake yote, na kile kikohozi hakikuwamo. Mwantumu akaifunga kanga kiunoni, akapiga kigelegele.

Uchi wa Mnyama likawa la kwanza. Likavuka mstari, injini ikanoki, ikakwama. Hiza akaja mbio, akazungusha hendeli. Haikuzunguka. Akajaribu tena, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Bwana Stavro akashuka, akampa Kasubi mkono. "Kasha ni lenu. Ufunguo wa nyumba uko wapi?" Alikuwa mtu wa kutimiza neno, pande zote mbili.

Kasha likaletwa Makaburini. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mwantumu akasema: "Injini imekufa, injini imekuja. Iliyokufa ni ya nani? Ya kwangu. Hii naitia kwenye lori la baba, lishuke tena ule mteremko."

Hiza akasema: "Dada, bila mimi ile ilikuwa chuma kwenye nyasi. Gari nimelibuni mimi, nimelivisha bati langu, na leo nikilala natazama nyota. Mke amenikimbia. Mpeni mtu injini aliyoifanyia kazi."

Kasubi akasema: "Ninyi mmetoa vitu. Mimi nimetoa kesho yangu. Sina kazi, sina nyumba, nalala ndani ya gari la Padri. Na aliyeshinda mashindano yale si bati wala lori. Aliyempita Bwana Stavro ni mimi."

Mwantumu akamgeukia Hiza. "Rejeta ulijua inavuja?"

"Nilijua."

Akamgeukia Kasubi. "Moshi uliuona?"

"Niliuona. Nikatazama kanga." Kasubi akamtazama usoni. "Kanga ilikuwa wapi, dada?"

"Kiunoni," akasema Mwantumu, na hakuinamisha macho.

Najua yupo mmoja hapa ataniambia wauze wagawane. Wamuuzie nani? Katika Kwamhina nzima mwenye uwezo wa kuinunua ni Bwana Stavro tu, na hilo wote watatu walilikataa kwa sauti moja, ndilo pekee walilokubaliana siku ile.

Jua likaelekea kuzama. Pakawa kimya. Mwantumu alisubiri sauti kwa mazoea, haikuja, na moyo ukamuuma, wala hakuficha. Kisha akainuka akainjika maji hivyo hivyo, akasonga ugali, akauweka juu ya kasha. Wakala kimya, Mwantumu upande wake, Hiza upande wake, Kasubi upande wake. Na juu ya milima, mawingu ya masika yakaanza kujikusanya, na paa halipo, na kasha ni la mbao.

Kasha lina pande nne, wasikilizaji wangu, na upande mmoja uko wazi. Sogea ukae, nawa mikono, useme kabla mvua haijanyesha. Aliyetoa sauti ya baba yake akaiacha ife, aliyetoa paa akaficha tundu, na aliyetoa kazi akakanyaga mafuta: je, injini ile ni haki ya nani?