Neno Lililofutwa Ilomero

Nina kisa kimenishinda kukiamua. Nisikilizeni, huenda ninyi mkakiweza.

Katika mji wa Ilomero waliishi watu watatu. Kabula, muuguzi wa zahanati, hakuwahi kusahau jina la mgonjwa. Mashauri alikuwa na masikio makali, na serikali ilimwajiri asikilize simu za watu. Limi alisoma habari redioni, na sauti yake ilifika hadi ng'ambo ya mpaka.

Kila mwaka Ofisi ya Lugha ilifuta maneno. Mwaka wa ukame ilifuta neno "njaa". Watu waliamriwa waseme "subira ya tumbo". Aliyeteleza ulimi alichukuliwa, na hata yeye hakuitwa mfungwa, aliitwa mgeni wa serikali. Na kwa kuwa njaa haikuonekana kwenye taarifa yoyote, chakula hakikuletwa.

Watoto wakaanza kufa. Kwa miezi minne Kabula aliandika "subira" kwenye vyeti vyao. Siku mtoto wa thelathini na moja alipofia mapajani mwake, alimpigia Limi simu.

"Dada, nina majina. Wamekufa kwa njaa. Andika."

Akayataja yote kwa kichwa, akijua kuwa anasikilizwa.

Aliyesikiliza ni Mashauri. Kwa kazi hiyo alikuwa ameshapeleka watu kumi na wawili kifungoni, akiwemo mume wa Kabula. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuwaita askari. Simu ilikatika akiwa hajakibonyeza. Alifuta mazungumzo yale, akaandika: "Salamu za kawaida."

Limi alikuwa na kichanga. Asubuhi alimnyonyesha, akamkabidhi kwa mama yake, akaenda studio. Alisoma hali ya hewa, kisha akasema, "Ilomero kuna njaa," akaanza kutaja majina. Alikuwa amefika la ishirini na sita mlango ulipovunjwa.

Ng'ambo ya mpaka walisikia. Siku ya tano malori ya unga na maharage yaliingia mjini, na watoto waliobaki wakala. Lakini wote watatu walikuwa wameshakamatwa: Limi studio, Kabula kwa kuwa ni yeye tu aliyeyajua majina yale, na Mashauri kwa kuwa iligunduliwa kwamba aliifuta simu yao.

Malalamiko ya nchi jirani yalipozidi, afisa mmoja aliwakusanya wazazi pale zahanati.

"Serikali ina huruma," alisema. "Mgeni mmoja kati ya wale watatu atarudi nyumbani. Andikeni jina moja kabla ya saa kumi. Msipoandika, harudi hata mmoja."

Akatoka.

"Kabula," alisema Ngolo, ambaye wanawe wawili walipona. "Bila majina yake, nani angejua?"

"Alinyamaza miezi minne!" Sado alimkatiza. "Wangu alikufa katika mwezi wa tatu wa kimya chake. Arudi Limi, akamnyonyeshe mwanawe."

"Na Limi angesoma nini, kama Mashauri angebonyeza kile kitufe?" aliuliza mzazi mwingine. " Kila mmoja hapa anamchukia, lakini watoto wetu wako hai kwa sababu yake pia."

"Na wale kumi na wawili?" aliuliza Sado. "Nao nani atawarudisha?"

Kwenye benchi mama yake Limi alikuwa akimbembeleza mjukuu aliyekataa maziwa ya chupa. Karatasi ilikuwa mezani, tupu, na saa kumi ilikuwa imekaribia. Ngolo alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

Wewe unayenisikiliza, kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?