Sitara ya Mwana Jaha

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani ya kaskazini aliishi mshona makubadhi aitwaye Shekuwe bin Abudi. Alikuwa mtu wa kazi na ibada. Akishaswali alfajiri hufungua kibanda chake, akakata ngozi na kushona huku akimsalia Mtume, na wapita njia walipunguza mwendo wapate kumsikia, kwani Mola alimtunuku sauti. Siku ya maulidi, alipolishika dufu akaanza kasida, wazee walitokwa na machozi, na watoto waliokuwa wakikimbizana walikuja wakaketi wenyewe. Nyumbani alikuwa mpole. Mkewe, Mwana Jaha, hakupata kusikia neno zito kinywani mwake.

Hakuna aliyempenda Shekuwe kama Khatibu Mahfudhi wa msikiti wa Ijumaa, naye ndiye aliyempa kuongoza halaka, yaani duara la waimbaji wa kasida.

Ikawa mwaka mmoja Shekuwe na mkewe wakafiwa na mtoto mchanga. Khatibu mwenyewe alimswalia, watu wakazika, wakatoa pole, wakarudi kwenye shughuli zao. Tangu hapo Shekuwe akawa haonekani. Alifunga kibanda akashonea nyumbani. Msikitini aliswali, akatoa salamu, akaondoka upesi. Yakafika maulidi, wageni wakaja kutoka visiwa vya jirani, busati likatandikwa na dufu likawekwa mahali pake, naye hakutokea. Khatibu akatuma mtu kumwita.

"Anaomba radhi," akasema mjumbe aliporudi. "Ana udhuru."

"Udhuru gani?"

"Hakusema."

Hapo maneno yakaenea. Huyu alisema Shekuwe amejivuna kwa sauti yake, yule akasema amemkasirikia Mola kwa msiba wake. Khatibu aliumia, maana aliaibika mbele ya wageni kwa ajili ya mtu aliyempenda. Baada ya swala ya Ijumaa akamvua uongozi, jamaa wote wakisikia. Shekuwe aliinamisha kichwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimekusikia, Khatibu wangu."

Khatibu alingoja ajitetee. Hakujitetea. Unyenyekevu ule ulimkera Khatibu kuliko ukaidi, na alasiri moja akashika njia hadi nyumbani kwa Shekuwe, amkanye kama ndugu.

Alipofika mlangoni alisikia kishindo cha sahani kuvunjika na mwanamke akilia kilio cha kutisha. Akasita. Ndipo likasikika dufu, likipigwa kwa ncha za vidole, na juu yake sauti ya Shekuwe ikiimba kasida taratibu kama mtu anayebembeleza. Kilio kikapungua.

"Mtoto analia njaa," ilisema sauti ya Mwana Jaha. "Nipeni mwanangu."

"Mtoto hana njaa, Mwana Jaha. Yuko kwa Mola wake. Kula wewe, hata tonge moja."

Kisha kasida ikaendelea.

Khatibu alijifuta macho kwa ncha ya kilemba, akapiga hodi. Shekuwe akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Tangu lini?" akauliza Khatibu.

"Tangu tuliporudi makaburini. Akili imemtoka. Akinisikia nikiimba hutulia akala. Nikikawia hutoka kumtafuta mtoto, bila hata kujifunika."

"Nami nimekuvunjia heshima mbele za watu! Kwa nini hukuniambia?"

"Heshima uliyoivunja ni yangu, Khatibu, nami nilikusamehe palepale. Lakini sitara ya mke wangu ni amana. Si yangu niitoe ili nijisafishe."

"Basi Ijumaa nitapanda mimbari niwaeleze."

"Ukiwaeleza, siku akipona atapita wapi?"

Khatibu akamshika mkono, akamuaga. Ijumaa ilipofika alisema tu kwamba amemdhulumu ndugu yake aliyekuwa na udhuru wa haki, na hakuongeza neno. Wengine walimwamini, wengine waliendelea kusengenya. Shekuwe akasubiri, akishona na kuimba ndani ya nyumba yake, hata Mola akamrudishia Mwana Jaha akili, kidogo kidogo. Akafungua tena kibanda, akarudi kwenye halaka, wakajaaliwa watoto wengine, wakawalea wakawaoza.

Alipofariki, naye ni mzee, watu walikaa matangani wakiisifu sauti yake. Mwana Jaha aliwasikia kutoka ndani, akamtuma mwanawe mkubwa kwa Khatibu Mahfudhi.

"Mama anakusalimu," akasema yule mwana. "Anasema sitara ile ni yake, na leo ameifungua. Waeleze watu baba alikuwa wapi siku ile ya maulidi."

Khatibu akawaeleza. Wapo waliomsengenya zamani. Hao waliinuka, wakaenda kaburini kumwomba msamaha.

Nasi tuliosikia kisa hiki tujiulize: siku tukisingiziwa, na njia ya kujitetea ikapita juu ya heshima ya tuliopewa kuwatunza, tutanyamaza? Mwenyezi Mungu amrehemu Shekuwe, na atujaalie subira kama yake.