Wako Wapi Waliosoma na Chatu?

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni Pakawa au mnapiga miayo? Anayetaka kulala akalale kwao, moto huu nimeuwasha kwa kuni zangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo nimeisikia. Hapo zamani za kale, wanyama waliposhikwa na kichaa cha kusoma, palikuwa na vyuo vikuu viwili vilivyotazamana kama wake wenza. Kimoja kilikuwa juu kwenye mawe, kikiitwa Majabalini, na mkuu wake alikuwa Fisi. Cha pili kilikuwa ng'ambo ya mto kwenye tope, kikiitwa Matopeni, na mkuu wake alikuwa Mbweha. Fisi na Mbweha hawakuwa wakipeana hata kaa la kuwashia jiko.

Mnataka kujua kulifundishwa nini humo? Hata wazazi hawakuuliza, sembuse mimi. Wazazi walijua kile kilichopigiwa mbiu, basi.

Siku za kuandikisha watoto zikifika, Fisi humpandisha Chatu juu ya jabali lililo langoni. Chatu alikuwa amesoma Majabalini, na hapakuwa na asiyemjua. Akijilaza pale jabali halionekani, ni Chatu mtupu, ngozi inameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Fisi hupuliza pembe, kisha huimba:

Aliingia kama uzi,
katoka kama gogo,
mtazameni Chatu!

Kabla sauti haijafa, ng'ambo kule Mbweha naye ameshamlaza Mamba wake ukingoni, kapuliza pembe yake:

Aliingia kama kijiti,
katoka kama mtumbwi,
mtazameni Mamba!

"Mamba wenu ananuka!" Fisi hupiga kelele kuvuka mto.

"Chatu wenu hana miguu!" Mbweha humjibu. "Somo la kutembea alifeli!"

Na wazazi katikati, shingo huku, shingo kule. Mtazameni Chatu. Mtazameni Mamba. Wakatazama.

Basi palikuwa na Mama Kanga. Mayai alikuwa ametaga mengi, lakini kenge walikula, mvua ilizoa, na watoto wa watu walichukua wakachemsha. Akabaki na kifaranga mmoja, jina lake Chembe. Huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Mama Kanga alikuwa amekanyagwa na tembo, amesukumwa na nguruwe, ametukanwa na tumbili, na kila akimwangalia Chembe alisema moyoni, huyu hakanyagwi. Huyu atakuwa mkubwa.

Jirani yake alikuwa Mama Mjusi, naye ana mtoto, Pindu. Chembe na Pindu walikua chini ya kichaka kimoja. Chembe akipata mchwa, nusu wa Pindu. Pindu akipata kivuli, nusu cha Chembe.

Siku moja Mama Mjusi akaja mbio, mkia juu.

"Shoga, umesikia? Majabalini hakuna ada!"

"Hakuna ada?"

"Hakuna ada, hakuna mchango, hakuna hata kupeleka fagio! Bure! Mtoto wako tu."

"Mtoto tu?"

"Mtoto tu, shoga. Yule Fisi watu wanamsema vibaya bure."

Hao! Wakaoga, wakawaosha watoto, wakaenda. Langoni wamejaa, mbuzi kwa ngiri, sungura kwa kima, kila mmoja na mwanawe mkononi. Fisi mwenyewe alikuwa mlangoni akiwapokea watoto. Mmoja mmoja anamshika, anampapasa mbavu, anamnusa utosini.

"Huyu safi," alisema alipomfikia Chembe. "Kanenepa. Umemlea vizuri, mama."

Mama Kanga akaona haya kwa kusifiwa.

"Huyu kakonda kidogo," Fisi akasema alipomfikia Pindu. "Lakini Majabalini hatumkatai mtu."

Watoto wakaingia wameshikana, bawa kwa mkono. Hawakugeuka nyuma. Mama Mjusi akabaki uwanjani kucheza ngoma ya wazazi, maana alikuwa na mkia wa kuuonyesha. Mama Kanga akaanza njia ya kurudi nyumbani, machozi ya furaha yanamlenga.

Hakufika mbali. Njiani kalala Chatu, kazi yake ya jabalini imekwisha, anarudi kwake polepole kwa shibe na uzito.

Wengine wote walikuwa wakimpita Chatu kwa kumtumbulia macho. Wanatazama, wananyoosheana vidole, wanapita. Fisi mwenyewe ndivyo alivyotaka, mtu mashuhuri atazamwe, asisemeshwe. Lakini Mama Kanga alilelewa na bibi mkali kuliko mimi, na kwao salamu haikatwi nusu. Ukikutana na mtu unamwuliza hali yake, unamwuliza watu wake, unamaliza wote, ndipo unapita. Akasimama pembeni, akakunja mabawa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Chatu akainua kichwa. Ilikuwa siku nyingi hajasalimiwa.

"Marahaba, mama."

"Habari za kazi?"

"Njema."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wazee wazima?"

"Wazima, twashukuru."

"Na wenzako mliosoma pamoja? Hawajambo?"

Chatu akatoa ulimi, akaurudisha.

"Wenzangu gani?"

"Wa darasani, baba. Au ulisoma peke yako?"

"Sikusoma peke yangu! Tulikuwa wengi sana. Darasa lilijaa mpaka wengine wakakaa dirishani."

"Ehee. Sasa wako wapi siku hizi?"

"Niliwala," akasema Chatu.

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema nilikula ugali. Mama Kanga akacheka kidogo, akidhani wakubwa nao wana utani wao. Chatu hakucheka. Kicheko cha Mama Kanga kikamfia mdomoni.

"Uliwala vipi?"

"Kwa zamu. Mwalimu akiita jina, mwenye jina anasimama mbele. Nilianza na wadogo. Wengine nao walikuwa wanalana huko nyuma, hatukuwa na uvivu. Mtihani wa mwisho tulibaki wawili, mimi na kijana mmoja wa Nyegere. Alikuwa hodari yule. Bado namkumbuka." Akajisugua tumbo kwa ardhi.

"Na wazazi wao?"

"Huambiwa watoto wanaendelea na masomo."

"Na mkuu? Fisi hasemi kitu?"

"Aseme nini? Mifupa yote ni yake. Unadhani kwa nini hatozi ada?" Chatu akamwangalia Mama Kanga kwa upole kabisa. "Umeuliza vizuri, mama. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za wenzangu. Na wewe una mtoto pale?"

Mama Kanga hakuaga. Mara ya kwanza katika maisha yake alikata salamu nusu. Alikimbia, akaruka, akaanguka, akakimbia. Masikioni anasikia jina moja tu: Chembe, Chembe, Chembe. Alikuwa amemwosha. Amempaka mafuta. Amemshika bawa akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, na akaona haya aliposifiwa unene!

Akafika langoni. Ngoma inaendelea. Akarukia jabali la Chatu akapiga ukelele ambao haujawahi kupigwa na ndege:

"Wanalana! Wanalana! Wanalana! Chatu aliwala wenzake wote! Ndiyo shule yenyewe! Katoeni watoto wenu!"

Ngoma ikakatika. Wazazi wote wakamgeukia Fisi.

Sasa nyinyi hapo mnasubiri Fisi akatae. Mnasubiri aape, alie, aseme Mama Kanga mwongo. Hata Mama Kanga alisubiri hivyo. Fisi akajikuna shingo, akacheka, akasema:

"Kwani kuna geni gani? Mbiu ilisema mtazameni nani?"

"Chatu," wakajibu wazazi.

"Mliona Chatu wangapi pale juu?"

"Mmoja."

"Basi. Nilimdanganya nani? Kuna siku nilisema watatoka wote?"

Mama Kanga akangoja. Akangoja mbuzi wapige kwato, ngiri wavunje lango, kima wapande ukuta. Ndipo Baba Ngiri akakohoa.

"Samahani, mkuu. Huyo mmoja anayetoka, anatoka akiwa mkubwa kama Chatu?"

"Kama Chatu, au zaidi."

"Basi wangu mimi ana meno," akasema Baba Ngiri.

"Wangu ana pembe zinachipua," akasema Mama Mbuzi.

"Wangu ana mbio, hakamatiki," akasema Baba Sungura.

Mama Kanga akadhani hasikii vizuri. Akamshukia Mama Mjusi, akamshika bega.

"Shoga! Shoga, hao wameingiwa na wazimu, wewe twende tukawatoe wetu. Pindu wako ni mdogo kuliko wote!"

Mama Mjusi akaliondoa bawa la Mama Kanga begani taratibu.

"Ni mdogo, lakini wakimshika mkia anawaachia mkia. Wewe shoga una hofu tu. Ama una wivu, sijui."

"Wivu? Wivu wa nini, kuliwa?"

"Wa kutoka," akasema Mama Mjusi, na macho yake yako juu ya jabali, yanapapima.

Wakati huohuo pembe ikalia ng'ambo. Mbweha alikuwa amesikia yote, maana maji hupeleka sauti, na alikuwa ameshatunga wimbo:

Kwao anatoka mmoja,
kwetu wanatoka wawili,
mtazameni Mamba na nduguye!

Nduguye yuko wapi, hakuna aliyeuliza. Nusu ya wazazi, wale ambao watoto wao walikuwa bado langoni wakingoja kupokewa, wakawanyakua wakatimka kuelekea mtoni. Mama Kanga moyo ukamruka, akadhani wanawaokoa. Wapi! Walikuwa wanawahamishia Matopeni.

"Rudini!" Fisi akabweka. "Watatu! Mwaka huu Majabalini watatoka watatu!"

Wakageuka, wakarudi, wakakanyagana langoni kwa kugombea kuingiza watoto. Vumbi likapanda. Katika vumbi hilo Mama Kanga akajipenyeza ndani. Darasani akamkuta Chembe ameketi mstari wa mbele na Pindu ubavuni mwake. Akamdaka bawa la kushoto, akamnyanyua. Kwa mguu akamkamata na Pindu, lakini Pindu alikuwa amefundishwa na mama yake. Akaacha kipande cha mkia kwenye makucha ya Mama Kanga, akaingia chini ya dawati.

"Pindu, toka huko! Njoo, mwanangu!"

"Siji, Mama Kanga," sauti ikajibu kutoka chini. "Mama kasema nisome."

Nyuma mlango ulikuwa unafungwa. Mama Kanga akatoka na mwanawe mmoja, akaponea kwenye ufa, manyoya mawili ya mkia yakabakia mlangoni.

Walipofika mbali, pembe zote mbili zinasikika kwa umbali, Mama Kanga akamweka Chembe chini. Akampapasa kichwa, akampapasa mbavu, akamgeuza huku na huku.

"Wamekuuma? Wamekugusa? Sema, mwanangu, umepona, mama yupo."

Chembe alikuwa amevimba mashavu.

"Umeniharibia," akasema.

"Nimekuharibia nini?"

"Mwalimu alishatueleza tangu tulipoingia. Alisema tuchague wa kuanza naye." Kifaranga akamwangalia mama yake moja kwa moja. "Mimi nilikuwa nimeshamchagua Pindu. Hana mbio, na ananiamini."

Wakati ule kanga alikuwa na manyoya kichwani kama ndege yeyote. Yalimsimama yote, kisha yakapukutika palepale njiani. Hayajaota mpaka leo.

Mama Kanga hakumpiga. Hakulia. Alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akasogea pembeni, akaiacha njia wazi.

"Tangulia," akasema.

"Kwa nini nisikae nyuma yako kama siku zote?"

"Tangulia, Chembe. Tangulia mbele nikuone."

Mpaka leo mkiwakuta kanga njiani wamejipanga mstari, yule wa nyuma kabisa, mwenye kipara na macho makali, huyo ndiye mama. Mgongo wake hampi mtu, hata aliyemtotoa mwenyewe.

Nani huyo anauliza habari za Pindu? Usiniulize mimi. Akitoka, pembe itapulizwa, utaisikia. Usipoisikia, basi. Hadithi yangu imeishia hapo, na kila mmoja aondoke akiwa mbele ya mwenzake, niwaone.