Akida Koleo Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole, wenzako wasikie.

Hapo zamani za kale kichuguu kilikuwa mji, na wenyeji wake walikuwa mchwa. Vibarua walijenga, askari walilinda. Lakini askari wa mchwa ana taya kubwa mno, hawezi kujilisha. Hulishwa mdomoni. Basi vibarua wakawa wanawasema, "Mijitu mizima, inalishwa kama vitoto."

Akida Koleo aliongoza kikosi kidogo tu. Jemadari alikuwapo, alikaa ndani kabisa, karibu na malkia. Koleo alilishwa na Bi Tope, mjenzi mmoja wa maneno mengi. "Kula, mwanangu. Ndiyo kazi unayoiweza." Koleo alikula. Lakini ilimuuma.

Siku moja akaja muhanga, yule mnyama mla mchwa, kwaru, kwaru, akabomoa ukuta, akala akashiba, akaenda zake. Siafu wakanusa ule ufa. Wakaja, weusi, jeshi zima, chaka-chaka-chaka.

Askari mmoja akasema, "Akida, turudi ndani. Si vibarua wenyewe wanatusema?"

"Ndani kuna watoto," Koleo akajibu. "Nifuateni."

Hakusema tangulieni. Akatangulia yeye, akasimama katikati ya ufa. Wenzake wakaona haya, wakamfuata. Kacha! Akija siafu, anakatwa. Kacha! Akija mwingine, anakatwa. Nyuma yao Bi Tope na vibarua wakaziba, tope na mate, tope na mate.

Ufa ukapungua, ukabaki wa kutosha askari mmoja. Mguu wa Koleo ulikuwa umeshakatwa. Akawaambia wenzake, "Ingieni mmoja mmoja. Mlango nitaushika mimi." Wakaingia wote.

"Na wewe ingia," Bi Tope akasema.

"Nikibanduka hapa, siafu wanaingia. Ziba, mama."

"Nitakuzibia nje vipi, nami ndiye niliyekulisha?"

"Ulinilisha kwa ajili ya leo. Ziba."

Bi Tope akalia, huku anaziba. Nje ikasikika kacha, kacha. Kisha kimya.

Siafu wakakuta ukuta, wakauzunguka, wakaondoka. Watoto walikuwa wamelala, hawakujua lolote. Tangu hapo, chakula kikija, Bi Tope huwalisha askari kwanza, na hasemi neno.

Basi jueni: kiongozi hutangulia kuingia vitani, na hutoka wa mwisho, kama atatoka. Na anayekulinda, usimhesabie matonge.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye nyingine aitoe.